Mwaka wa Mashini ya Wazi

Ilikuwa siku ya pili ya kilio cha Papa Donat, na watoto wake walikuwa bado hawajaweza kufungua mashini yake. Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka pamoja na wanawake wengine, kwenye uwanja wa nyumba yake ya Kamalondo, mtoto wangu wa pili akinyonya, nikawa nasikia wanavyobishana mle saloni, chumba cha wageni. "Jaribu jina ya Mama." "Nimeisha kujaribu." "Jaribu mwaka ya ndoa." "Nimekuambia nimeisha kujaribu, we unasikiaka na nini?" Ndani ya ile kompyuta mlikuwa na picha yake nzuri, ile waliyotaka kuiweka juu ya sanduku, na karatasi zote za kiwanja chake cha Annexe, pembeni mwa mji, ambazo ndugu zake wa ukoo walianza kuziulizia hata kabla bukari, ugali wa kilio, haijaiva. Marehemu alikuwa mtu wa kuamini kwamba kitu kisichojulikana hakiibiwi. Basi hakikuibiwa. Mjane wake, Mama Béa, akatoka mlangoni amejifunga liputa ya kitenge kiunoni, akatutupia macho sote, akasema: "Bamuite Clarisse." Mimi nilikuwa hatua tatu mbele yake. Nilimfanyia bwana yake kazi miaka miwili. Lakini jina lililomtoka kinywani ni Clarisse.

Akaja. Alishuka kwenye gari la mjomba wake, mwembamba vilevile, viatu vyake havina hata doa katika mji huu ambao vumbi lake jekundu linaingia hata ndani ya mayai. Akawapa watu mkono mmoja mmoja, kwa adabu ya watu wa Butembo, na alipofika kwangu akapiga goti ili nisiinuke na mtoto. "Mama Gloire. Uko?" "Niko." "Na Gloire?" "Anasoma." "Na Patient?" "Eko Kolwezi, anatengeneza mamashini." Akatabasamu. Ana haki ya kutabasamu, maana yeye ndiye aliyemfundisha bwana yangu ile kazi. Chakula ninachokula, liputa niliyovaa kilioni, hata maziwa ambayo mtoto alikuwa akiyavuta saa ile, yote yametokana na masomo ya yule mwanamke. Nina miaka ishirini na tisa. Wanaosema wivu unaisha na umri, wangoje nizeeke kwanza.

Mwaka ninaotaka kuusimulia nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, diploma ya sekondari mkononi, Gloire wa miezi minne mgongoni, na kiti. Nasema kiti kwa sababu ndicho kilikuwa mali yangu yote: kiti cha plastiki cha rangi ya bluu, mguu mmoja umefungwa kwa waya, mbele ya mashini ya kwanza upande wa kushoto, ndani ya sekretaria ya Papa Donat katika komini ya Kenya, mtaa wa mji wetu huu, si ile nchi. Chumba kilikuwa kimoja. Bati juu, pazia la maua badala ya mlango wa nyuma, mashini ya fotokopi iliyokuwa ikikohoa kama mzee wa kifua, na harufu ya wino iliyochanganyika na ya makaa, kwa sababu nyuma ya pazia ndiko tulikopikia. Wanafunzi walituletea kazi zao za kumaliza masomo tuziandike, baba za watu walileta barua za kuomba kazi, wachungaji walileta programu za ibada. Mashini zetu tatu za kushoto zilikuwa na Windows, lakini Windows ya kopi, ya kununua sokoni. CD yake niliiona kwa macho yangu, jina limeandikwa kwa kalamu ya kijani. Katika avenue nzima hakukuwa na sekretaria yenye ile ya kweli, na hakuna aliyeona haya.

Sasa sikilizeni ujinga wetu, maana sijui kama kuna mji mwingine ulioufanya kwa moyo safi namna ile. Wenyewe walioitengeneza ile Windows hutoa viraka kila wakati, vya kuziba matundu ambayo wezi wameyagundua. Mashini inaenda kuvichukua yenyewe kwa internet. Papa Donat aliikataza. "Ikienda kule, itajulikana ni ya wizi," alisema. "Kioo itakuya nyeusi, itatusemea mbele ya baclients." Basi kila ilipoomba ruhusa, tulibonyeza hapana. Tulificha wizi wetu kwa kuacha madirisha yetu wazi, na tukalala tukisema nyumba imefungwa. Leo nikisikia vijana wanabishana ni programu ipi salama zaidi, ile ya kufungwa maandishi yake au ile ya wazi, nacheka peke yangu. Ile ya kufungwa, ukiwa nayo ya kweli na unaitia viraka vyake, ni nyumba nzuri. Sisi hatukuwa na nyumba hiyo. Tulikuwa na picha yake.

Clarisse alifika mwezi ule ambao bei ya shaba ilianguka. Wanaume waliokuwa wakiamka alfajiri kwenda mgodini Kinsevere walianza kukaa barazani mchana kutwa, wakiwatazama wake zao kwa hasira kana kwamba shaba imeangushwa na wake. Mjomba wake Clarisse, mfanyabiashara wa jumla wa vitambaa na sabuni, alikuwa na depo yake avenue ya pili. Akaweka kwa Papa Donat mashini tatu za zamani ili mpwa wake apate mahali pa kufanyia kazi. Zikapangwa kulia. Zilikuwa na Linux. Sikuwahi kulisikia jina hilo, na tangu siku ya kwanza nililichukia kwa sababu lilitamkwa na mdomo ule, polepole, bila kiburi, jambo ambalo ni kiburi kikubwa kuliko vyote.

Mchana tulikula wote nyuma ya pazia, bukari na samaki wadogo wa Kasenga ambao Mama Béa alikuwa akiwafanyia biashara, Papa Donat juu ya kigoda, sisi wawili juu ya gunia. Ndiko mabishano yalikoanzia. Papa Donat alifinyanga tonge lake, akauliza: "Clarisse, mwanangu. Hii kitu yako, kila muntu anaweza kusoma namna baliitengeneza?"

"Kila muntu, Papa. Iko wazi."

"Na mwizi?"

"Na mwizi pia anasoma."

Papa Donat akacheka hadi tonge likamrudi. "Basi ni kujenga nyumba na kubandika plan yake ku mulango! Chumba ya mali ni hapa, dirisha mubovu ni hapa, karibuni! Bale ba Windows bo banafunga. Hakuna mwenye anajua ndani. Mwizi ataanzia wapi?" Na mimi nikacheka, kwa sauti kuliko yeye.

Clarisse akangoja tumalize. "Papa, ile kufuli ya mulango, uliinunua wapi?"

"Ku soko."

"Mwizi hajui namna banatengenezaka ile kufuli?"

"Anajua. Eko na ingine kwake."

"Na unalala bila wasiwasi juu ya nini?"

"Juu ya ile funguo, iko yangu."

"Voilà. Kufuli bote banaijua, funguo ni yako peke. Tena ju bote banaijua, fundi mwenye kuona iko na ubovu atasema, na bataitengeneza. Lakini kufuli yenye kukamata tu sababu hakuna mwenye anaijua, siku muntu moja akiijua, imekwisha, na weye hauna habari." Akanawa vidole, halafu akauliza kama mtu anayeuliza saa: "Na ile funguo, Papa, unaiwekaka wapi?"

Avenue nzima ilijua kwamba Papa Donat huficha funguo ya sekretaria chini ya ile mbabula iliyotoboka, jiko la makaa, pale pale nyuma ya pazia tulipokaa. Sikuweza kujizuia. "Hata mbuzi ya jirani inajua," nikasema. Tukacheka wote watatu, machozi yakatutoka, lakini nikaona jambo. Mzaha ulikuwa wangu, na jicho la Papa Donat lilikuwa juu yake. Jicho la mtu aliyeona akili. Mimi aliniambia: "Mama Gloire, ondoa masahani."

Jioni moja ya juma lilelile akatusimamisha mbele ya fotokopi. Kazi ilikuwa imepungua mpaka siku nzima tunaandika barua moja. Akasema hataki kutudanganya: akirudi kutoka Kasenga, ambako alikuwa anaenda kumsaidia Mama Béa na samaki, atabakiza kiti kimoja na aina moja ya mashini. Atachagua ile itakayokuwa imetunza kazi za watu vizuri. Sikulala vizuri tangu hapo. Clarisse alikuwa na depo ya mjomba nyuma yake kama ukuta. Mimi nyuma yangu nilikuwa na Gloire, na Gloire alikuwa ananyonya tu.

Ningeweza kuvumilia kazi peke yake. Lakini Patient, baba ya Gloire, naye alirudishwa nyumbani na kampuni yake, akaanza kupita sekretaria "kuona mutoto". Alimwona mtoto dakika tano. Saa zilizobaki alisimama nyuma ya kiti cha Clarisse, mikono mgongoni kama mwanafunzi, akiuliza hii ni nini na ile ni nini, na Clarisse akimfungulia kila kitu: tazama, hapa ndipo inapoanzia, hapa ndipo inapoandikwa, usiogope, soma. Miaka miwili na mimi, simu yake Patient hakuniacha niishike hata kwa kuangalia saa. Kwa yule mwanamke alisoma mashini nzima mpaka matumbo. Nikiuliza, alisema: "Ni kazi najifunza, mama." Kilichoniuma zaidi, Gloire naye alimpenda. Alikuwa akilia kwangu ananyamaza kwake. Clarisse alikuwa akimpakata mapajani, mkono wa kushoto umemshika tumbo, na kuandika neno lake la siri kwa kidole kimoja cha mkono wa kulia, polepole, herufi kwa herufi, kwa sababu mkono mwingine ulikuwa umebeba mtoto wangu. Na mimi nilikuwa nimekaa pembeni, natazama kile kidole.

Halafu ikaja ile Jumapili. Patient alikuwa amepata mashini mbovu mahali, na Clarisse alimpa kopi ya disque yake, ile CD ya programu, ili akaitie mashini hiyo Linux. Mimi sikujua. Ninachojua ni kwamba nilitoka na beseni la nguo, nikamkuta nyuma ya nyumba amegeuza uso ukutani, simu sikioni, sauti ya chini: "B. Nane. Nane. C. Sifuri. F... hapana, F... ndiyo." Akasikiliza. Kwenye simu nikamsikia Clarisse anacheka. "Rudia." Na bwana yangu akarudia, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia akiniambia mimi hata siku ya kujifungua: "C. Sifuri. F. Tatu." Nikasimama na beseni langu mpaka maji yakanilowesha miguu. Nilijua, kama mtu anavyojua kwamba mvua itanyesha, kuwa hayo ni maneno ya wapenzi waliofundishana lugha ambayo mimi mjinga siijui.

Kesho yake, saa sita ya mchana, Clarisse akaenda sokoni kununua sombe, majani ya muhogo. Patient hakuwepo, na Papa Donat alikuwa ameshakwenda Kasenga. Gloire alilala juu ya mapazia ya zamani. Nikahama kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye zile mashini kila mfanyakazi alikuwa na mlango wake. Hata mimi Clarisse alinifungulia wangu, na sikuwa nimeutumia hata mara moja. Nikaingia kwa jina langu, halafu nikaagiza mashini inipeleke kwa Clarisse, kama nilivyomwona akimfundisha Patient. Ikaniuliza neno la siri. Nikaandika nilichoona kidole kikiandika. Ikakataa. Nikaandika tena, ikakataa. Mara ya tatu nikafumba macho, nikakiona kile kidole mbele ya tumbo la mtoto wangu, na mashini ikanifungulia. Basi nataka iandikwe hapa: ile mashini ya wazi haikuvunjwa na mtu aliyesoma maandishi yake. Wangeweza kuyasoma mafundi elfu na wezi elfu. Ilivunjwa na mwanamke mwenye wivu aliyekuwa amekaa karibu.

Niliyakuta yale maneno ya wapenzi. Mstari mmoja mrefu wa herufi na tarakimu, B, nane, nane, C, na juu yake Clarisse ameandika: "Alama ya kidole ya disque. Kaka ameisoma kwa simu kutoka Goma, nimepima, ni sawa. Patient apime yake." Disque zake zilitoka kwa kaka yake, zikizungushwa na malori ya mjomba kupitia Kampala na Zambia, zikiingilia mpakani Kasumbalesa katikati ya marobota ya vitambaa. Kwa kuwa njiani mtu anaweza kuibadilisha disque, akatia ubaya ndani, walikuwa wanaisomeana ile alama kwa sauti ya simu. Kikibadilika kitu kidogo ndani ya disque, alama nzima inageuka. Ndiyo yote. Bwana yangu alikuwa amegeukia ukuta ili asikie vizuri kama ni F au S.

Mwanamke mwingine angetoka pale. Mimi nikaendelea kufungua. Nikakuta barua. "Kwa Papa Donat. Papa, kama ni kiti moja, umuachie Mama Gloire. Mi niko na depo ya mujomba, sitakosa. Ye hana mahali. Ila umuweke kwenye mashini ya wazi, na mi nitamufundisha bila kuomba kitu." Niliisoma mara mbili. Kila mmoja atafikiri nililia. Sikulia. Mwili wote uliwaka. Alikuwa na viatu safi, na mjomba, na akili, na jicho la Papa, na mtoto wangu mapajani, na sasa alitaka kuwa na huruma pia. Alitaka kunipa kiti changu mwenyewe kwa mkono wake, halafu anifungulie kila kitu kama nilivyomwona akimfungulia Patient. Nikaifuta. Nikafunga kila kitu, nikarudi kushoto, na alipofika na sombe yake nikampokea mfuko.

Kisha mji ukavunjika. Ilianza na kura, kama kawaida yetu. Kwanza nyimbo, halafu matairi, halafu risasi upande wa mjini, na maduka yakapasuliwa. Watu wa Annexe walipita mbele yetu na magodoro kichwani. Internet ikakatika. Papa Donat alikuwa bado Kasenga, barabara ina vizuizi, simu yake haishiki. Tuliendelea kufungua saa chache asubuhi kwa sababu katika machafuko watu wanaandikisha sana: matangazo ya misiba, vyeti, barua za kumwomba mtu fulani amtafute mtu fulani. Pasta mmoja akaniletea kle yake, kale kadude ka flash ka kubebea kazi, akitaka programu ya mazishi. Nikaichomeka. Mashini ikasita kidogo, kama mtu aliyeitwa jina. Halafu nikaona mafolda yote yanageuka, kila moja limekuwa kivuli kisichofunguka. Kabla sijaita mtu, ikafuata mashini ya pili, na ya tatu, maana zilikuwa zimeunganishwa. Kazi za wanafunzi za mwaka mzima zilikuwa mle. Kuzitibu kulihitaji neno la siri la mkubwa wa mashini, na mkubwa alikuwa Kasenga na samaki.

"Leta ile kle," Clarisse akasema. Akaichomeka kwake, na pale kirusi kikaonekana kimelala wazi kati ya mafaili, kama nyoka aliyekufa. Nikategemea atajisifu. Angalau angejisifu! Akasema: "Usiogope sana yangu pia. Huyu bamemuandika ju ya mashini zenu, sababu zenu ndizo mingi. Mwizi anaendaka kwenye kuko nyumba mingi. Siku zangu zikiwa mingi, bataandika ya kwangu. Na huku kwetu pia tundu inaweza kukaa miaka, kila muntu anasema mwenzangu aliisha kuangalia." Halafu akatoa disque. "Hii inaweza kuamusha mashini yako bila kumuuliza Papa. Tutoe kazi za batoto ba bantu kabla ziharibike."

Kumbe lile neno la siri ambalo Papa Donat alilinda kama bikira, mtu mwenye disque alikuwa anaweza kulipitia pembeni kama mbuzi anavyopita uzio. Nilipaswa kusema asante. Lakini juma moja tu kabla ya hapo nilikuwa nimeingia chumbani mwake na kufuta, na kila nilipomtazama mikono niliona atagusa kitu changu na atajua. "Usiguse mashini yangu," nikamwambia. "Mama Gloire, ni kazi za bantu." "Nimesema usiguse! Enda kumufundisha Patient!" Akarudisha disque ndani ya mfuko wake. Siku mbili nilipambana peke yangu, umeme ukija na kwenda, mpaka mashini ya kwanza ikakataa kuwaka kabisa. Binti mmoja aliyekuwa anamaliza masomo ya ualimu alikaa chini kwenye kizingiti cha sekretaria na kulia kama mtu aliyefiwa. Hata sasa nikimwona sokoni napita upande mwingine.

Papa Donat aliporudi hakupiga kelele. Alizunguka kushoto, akazunguka kulia, akakaa juu ya kigoda. "Clarisse atabaki," akasema. Nikamtazama Clarisse nikimngoja afungue kinywa, aseme yale aliyoyaandika. Akainamisha macho. Basi nikafungua kinywa mimi. Nilisema yote yanayosemwa na mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni na hana pa kwenda: mwizi wa mabwana, mwizi wa viti, rudi kwenu Kivu. Avenue nzima ilitoka kusikiliza. Miaka minane nimesimulia hadithi hiyo hivyo, kwenye visima, kwenye vikao, kwa mama mkwe: Clarisse alininyang'anya kiti. Nimeisimulia vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaiamini, nikiruka kila mara ile saa sita ya mchana.

Sasa turudi kilioni. Clarisse aliingia saloni, akakaa kitambo, akatoka na ile kompyuta kifuani. "Siwezi," akamwambia Mama Béa. "Baada ya ile mwaka Papa alikubali ya wazi, akaniomba nimufungie disque yote ya ndani ya mashini. Nilifunga mi mwenyewe, na mi mwenyewe siwezi kuifungua. Funguo ilikuwa yake peke." Ndugu wa ukoo wakaguna. Mmoja akasema: "Fundi gani huyu, hawezi kufungua mulango alijenga?" Clarisse akaja akakaa juu ya mkeka wangu, akamtazama mtoto, na bila kugeuza uso akasema kwa sauti ya chini:

"Ile barua yangu kwa Papa. Uliisoma mpaka mwisho?"

"Barua gani?"

"Leka kujificha, Mama Gloire. Mashini inaandikaka kila mwenye kugonga mulango. Iliandika jina yako: ulitaka kuingia kwangu, ikakatala, tena, ikakatala, tena, ikakubali. Nilisoma asubuhi yenye kufuata." Nikakumbuka kwamba hata zetu za kushoto zilikuwa zikiandika, ila daftari yake ilikuwa imefungiwa ndani ya neno la siri la Papa, na hakuna aliyewahi kuisoma.

"Na haukusema kitu."

"Niseme nini? Nilikuta umeifuta. Nikasema: Mama Gloire hataki kiti ya kupewa. Eko na kichwa yake. Basi sikuandika tena."

Yote ningemsamehe, isipokuwa hilo: kwamba aliniona mtu wa heshima. Kama angenitukana pale pale, kama angenivuta nywele mbele ya avenue, tungekuwa sawa, na mimi ningekuwa mtu huru. Miaka minane nilimchukia kwa kosa langu, na yeye miaka minane amelibeba akiliita jina zuri. Hata katika hilo alinishinda. Mtoto alikuwa ameachia ziwa; nikamtupia mapajani Clarisse bila kuuliza, nikainuka.

Nilivuka uwanja mpaka nyuma ya jikoni. Ilikuwa pale, kati ya matofali na beseni la kutoboka: ile mbabula ya sekretaria, kutu tupu. Mtu haachi tabia yake kwa sababu amebadilisha mashini. Nikaiinua. Chini yake kulikuwa na kopo la maziwa, na ndani ya kopo karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni, na juu ya karatasi mwandiko mnene wa Papa Donat. Wakubwa kwa wadogo wakanifuata nilipokuwa narudi. Mama Béa akasema, "Ee Mungu," akakaa chini. Nilitaka Clarisse aone wivu, hata kidogo, hata wa kupita. Nilimtazama vizuri usoni. Alifurahi tu.

Akaifungua kompyuta juu ya mkeka. Mkono wa kushoto ulikuwa umemshika mtoto wangu tumbo. Ukabaki wa kulia, na kile kidole. "Nisomee," akasema.

"D kubwa," nikasema. "Nne. K. K. Tisa." Hasira yangu ilikuwa bado imekaa palepale, haijaenda popote. "Ndogo, m. Sifuri."

"Rudia."

"M. Sifuri," nikarudia, polepole, ili asikosee.